Vazi la chembe nano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuifikisha dawa ya saratani kwenye uvimbe

Mimi ni mfamasia, na kazi yangu hapa Mombasa ni kutayarisha dawa za kemo. Maswali haya nimeyaokota sehemu mbili: kwenye dirisha la dawa, wanakosimama wanaouguza wagonjwa wao, na kwa wanafunzi wa famasia wanaonishika jioni nikitoka kazini. Nimeyapanga kuanzia mepesi. Ukiwa unamuuguza mtu na huna muda wa nadharia, ruka hadi swali la 14.

## Mambo ya mwanzo

1. Dawa ya nano ni nini hasa? Ni dawa mpya?

Mara nyingi ni dawa ya zamani iliyopandishwa chombo kipya. Chukua doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa huiogopa kwa rangi yake kabla hata haijawagusa. Imetumika tangu miaka ya 1970. Katika sura yake ya nano, dawa hiyo hiyo haimwagwi huru damuni. Imefungiwa ndani ya kitone cha mafuta kiitwacho liposomu, chenye upana wa nanomita 80 hadi 100. Kitone kama hicho ndicho tunachokiita chembe nano. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000, kwa hiyo ukizipanga liposomu kwa mstari, zitaingia kama themanini hivi kutoka ukingo hadi ukingo wake.

Liposomu zilielezwa na Alec Bangham kule Uingereza miaka ya 1960. Dawa ya kwanza ya saratani ya namna hii kuidhinishwa Marekani ni Doxil, yaani doksorubisini hiyo hiyo ndani ya liposomu, mwaka 1995, kwa saratani ya Kaposi kwa watu wenye UKIMWI. Abraxane ikafuata 2005, Onivyde ya saratani ya kongosho 2015, na Vyxeos ya saratani ya damu 2017. Zipo nyingine, lakini kwa zaidi ya miaka thelathini ya utafiti na maelfu ya makala, orodha ni fupi. Kwa nini ni fupi ndilo swali lililo nyuma ya maswali mengi yanayofuata.

2. Kwani dawa ya kawaida haifiki kwenye uvimbe?

Inafika. Tatizo ni kwamba inafika kila mahali. Doksorubisini huru hutoka kwenye damu ndani ya dakika chache na kuingia kwenye misuli ya moyo, mizizi ya nywele, utumbo na uboho. Moyo ndio unaotutia hofu, maana madhara yake hujumlika dozi baada ya dozi, na kuna kiwango ambacho mgonjwa hatakiwi kukipita maisha yake yote. Ikiwa ndani ya liposomu, dawa haipenyi mishipa mizima ya moyo kirahisi, na hukaa damuni kwa siku kadhaa badala ya dakika.

3. Mnasema "uso wa chembe". Chembe ndogo hivyo ina uso gani?

Ukiteremka bandari ya zamani ya Mji wa Kale maji yakiwa yamekupwa, na ukibahatika, utakuta jahazi limelazwa ubavu na fundi yuko chini yake analipaka tumbo deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Hagusi shehena wala habadilishi mbao. Anashughulika na kile kitakachokutana na maji tu, kwa sababu ndicho kitakachoamua chombo kitakaa baharini muda gani.

Uso wa chembe nano ni hivyo hivyo. Dawa iko ndani, lakini ini, seli za kinga na seli za saratani haziioni dawa. Zinaona ngozi ya nje: ina chaji gani, inateleza au inanata, ina alama gani juu yake. Kuubadilisha uso ni kupaka, kushona au kuchomeka kitu juu ya ngozi hiyo. Tunavyopaka ni vya namna mbili, na watu huvichanganya sana: vya kujificha (swali la 5) na vya kutafuta (swali la 8).

## Safari ya damuni

4. Chembe ikishaingia kwenye mshipa, nani anaiwinda?

Ini kwanza, kisha wengu. Viungo hivi viwili vina seli walaji ambazo kazi yake ni kuokota takataka damuni, na kwao chembe ya dawa ni takataka kama bakteria. Ukubwa nao una amri yake: chembe iliyo chini ya nanomita 6 hivi huchujwa na figo na kutoka na mkojo, na iliyozidi 200 hukamatwa upesi zaidi na ini na wengu. Ndiyo maana dawa nyingi zimejibana katikati ya 50 na 150.

5. PEG ni kitu gani, na kwa nini kila dawa inayo?

Si kila dawa. Abraxane haina, yenyewe imevaa albumini, protini ya damu ya binadamu. Lakini PEG, yaani poliethilini glikoli, ndiyo vazi maarufu kuliko yote. Ni nyuzi ndefu zinazopenda maji. Ukizichomeka kwenye uso wa liposomu zinasimama kama manyoya ya zulia na kuvuta maji yazizingire, na protini za damu zikija hazipati pa kushika vizuri. Wazo lilianza kwa protini mwaka 1977, likahamia kwenye liposomu mnamo 1990, na miaka mitano baadaye likawa dukani kwa jina la Doxil.

Ina dhambi mbili. Ya kwanza: nyuzi zile zile zinazozuia seli za ini kuishika chembe huzuia pia seli za saratani kuishika. Chembe inafika mlangoni na bado imejifunika gubigubi. Watafiti wanaliita tatizo la PEG, na majaribio ya kulitatua yako kwenye swali la 12.

Ya pili: mwili unaweza kuikumbuka PEG. Kwenye wanyama, dozi ya kwanza inaweza kuufanya wengu utengeneze kingamwili dhidi ya PEG, na dozi ya pili ikija karibu wiki moja baadaye inaondolewa damuni kwa kasi. Na PEG haiko kwenye dawa za saratani peke yake. Iko kwenye baadhi ya dawa za meno, losheni, dawa za kulainisha choo na chanjo za mRNA za UVIKO-19. Kwa doksorubisini ya liposomu jambo hili halijitokezi sana, kwa kuwa dozi hutolewa kila wiki tatu au nne na dawa yenyewe huziumiza seli zinazotengeneza kingamwili hizo. Anayebuni chembe ya PEG isiyo na sumu ndani ndiye wa kulifikiria zaidi.

6. Nimesoma kwamba damu "huivisha" chembe protini. Ina maana vazi letu halionekani?

Kama ningeruhusiwa kubakisha jibu moja tu katika ukurasa huu, ningebakisha hili.

Ndani ya sekunde chache baada ya chembe kuingia damuni, protini huanza kuishikilia: albumini, kingamwili, protini za kinga za komplementi, zile za kubeba mafuta. Zinatanda tabaka ambalo watafiti huliita korona ya protini. Nyingine hushika na kuachia, nyingine hushika na kubaki. Rudi kwa lile jahazi la swali la 3. Likishakaa majini miezi, kinachokutana na maji si deheni tena, ni mwani na kome walioshika juu yake. Nahodha anajua alichopaka. Bahari inakutana na kilichoota.

Hapo ndipo ndoto nyingi za maabara huzama. Mwaka 2013 watafiti wa Dublin, Ayalandi, walichukua chembe za silika wakazivisha transferini, protini ambayo seli za saratani huipenda kwa sababu inaziletea madini ya chuma. Kwenye maji safi ya maabara chembe zilizitafuta seli zake vizuri. Walipoongeza majimaji ya damu, uwezo wa kuchagua ukapotea: korona ilikuwa imezifunika transferini. Chembe zilikuwa bado zinaingia kwenye seli, ila hazikuwa zinachagua tena.

Korona si adui siku zote. Onpattro, iliyoidhinishwa 2018, si dawa ya saratani, ni ya ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, lakini ina somo. Vazi lake la PEG limeshonwa kwa uzi mwepesi makusudi. Likidondoka damuni, protini iitwayo apolipoprotini E hujishika kwenye chembe, na ini lina vipokezi vya protini hiyo. Dawa ilitakiwa kwenda kwenye ini, na damu yenyewe ndiyo iliyoiandikia anwani. Mwaka 2020 kundi moja la Texas likaonyesha kwa panya kwamba ukiongeza lipidi (aina ya mafuta) yenye chaji chanya ya kudumu chembe zinaelekea mapafuni, na ukiongeza yenye chaji hasi zinaelekea kwenye wengu. Kwa maoni yangu njia hii, ya kuuliza damu itaandika nini kabla ya sisi kuandika chetu, ina matumaini kuliko kuongeza ligandi, zile funguo za swali la 8, moja juu ya nyingine.

7. Chaji ipi ni bora, chanya au hasi?

Kwa safari ndefu, karibu na sifuri au hasi kidogo. Chaji chanya hunata kwenye seli, jambo zuri ukishafika, lakini njiani hunata kwenye kila kitu, kuta za mishipa zikiwemo.

## Kulenga uvimbe

8. Ligandi ni nini?

Ni ufunguo unaochomekwa juu ya uso ili ushike kipokezi fulani kwenye seli ya saratani. Unaweza kuwa kingamwili nzima au kipande chake, kipeptidi (kipande kifupi cha protini) kama RGD, transferini, au kitu kidogo kama foleti, ile ile vitamini wanayopewa wajawazito kliniki. Seli za saratani ya ovari mara nyingi hujaza vipokezi vya foleti. Seli za baadhi ya saratani za matiti hujaza kipokezi kiitwacho HER2, na za tezi dume hujaza PSMA, protini ya uso wa seli.

Kosa ninalokutana nalo kila muhula ni kudhani kwamba ligandi inaiongoza chembe kama ramani ya simu inavyomwongoza dereva wa tuktuk. Ligandi haioni mbali. Inafanya kazi pale tu chembe ilipokwisha kugusana na seli. Kabla ya hapo mtiririko wa damu ndio unaoipeleka inakopelekwa, kama mtu aliyebanwa na umati wa kivuko cha Likoni saa kumi na moja jioni. Kadi ya kuingilia ofisini unayo mfukoni; kukufikisha ng'ambo haiwezi.

9. Ni kiasi gani cha dawa kinafika kwenye uvimbe?

Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, lilikusanya matokeo ya miaka kumi ya tafiti za wanyama. Thamani ya katikati ilikuwa asilimia 0.7 ya dozi iliyodungwa. Chembe zisizo na ligandi zilipata 0.6, zenye ligandi 0.9. Miaka ya kushona funguo, na tofauti ni sehemu tatu za elfu.

Wapo walioipinga hesabu hiyo, na hoja yao ina uzito: hata dawa huru hufika kidogo, kwa hiyo swali la haki ni kama chembe imefikisha zaidi ya dawa huru, na imeuepusha moyo kiasi gani. Hata hivyo namba ile iliwaamsha wengi.

10. Nilifundishwa kwamba mishipa ya uvimbe inavuja na chembe hupenya zenyewe. Si kweli?

Ni kweli nusu. Matsumura na Maeda wa Japani walilieleza jambo hili mwaka 1986: mishipa ya uvimbe hujengwa harakaharaka, ina mianya, na mifereji ya kuondoa majimaji ni mibovu, basi vikubwa vinaingia na kubaki. Kwa panya mwenye uvimbe uliokua kwa wiki mbili, linaonekana wazi.

Kwa binadamu inategemea. Mwaka 2001 huko London wagonjwa 17 walidungwa liposomu zenye alama ya mionzi na kupigwa picha: saratani za kichwa na shingo zilikusanya nyingi, za matiti chache. Saratani ya Kaposi, ambayo ni ya mishipa ya damu yenyewe, huvuja mno, na haishangazi kwamba Doxil ilianzia hapo. Kisha mwaka 2020 kundi lile lile la Toronto likaripoti kwamba kwa panya hadi asilimia 97 ya chembe hazikupita kwenye mianya. Seli za kuta za mishipa zilizibeba na kuzivusha. Kama ni hivyo, uso wa chembe unapaswa kuwavutia wabebaji hao kwanza, kabla ya kufikiria seli ya saratani.

11. Mbona basi hakuna dawa ya nano yenye ligandi hospitalini?

Zimejaribiwa. MM-302 ilikuwa liposomu ya doksorubisini yenye vipande vya kingamwili dhidi ya HER2. Jaribio lake kwa wagonjwa wa saratani ya matiti lilisimamishwa mwishoni mwa 2016 baada ya kuonekana halitaleta faida. BIND-014 ililenga PSMA, na kampuni yake ilifilisika mwaka huo huo.

Sababu ziko kwenye maswali ya 6, 8 na 9, na kuna moja zaidi: ligandi inayoshika kwa nguvu mno hukwama kwenye seli za kwanza inazokutana nazo kando ya mshipa, na za ndani zinabaki hazijaguswa. Ongeza kwamba uvimbe una shinikizo kubwa ndani na umejaa nyuzi za kolajeni. Kukaribia ni kazi moja, kupenya ni nyingine.

12. Hakuna vazi linalojivua likifika?

Lipo, na ndilo jibu la dhambi ya kwanza ya PEG. Damu ina pH 7.4, mazingira ya uvimbe huwa na uchachu kidogo, 6.5 hadi 6.8 hivi, na vifuko vya ndani ya seli hushuka hadi 5. PEG hushikizwa kwa kifungo kinachokatika kwenye uchachu huo, au kwa kipeptidi kinachokatwa na vimeng'enya ambavyo uvimbe humwaga kwa wingi. Vazi likidondoka, ligandi au chaji chanya iliyokuwa chini yake inajitokeza. Kwa panya inafanya kazi. Ugumu ni kwamba tofauti ya pH ni ndogo, na sehemu yenye uchachu zaidi mara nyingi iko mbali na mishipa, ambako chembe hazifiki kwa wingi.

13. Na zile zinazovaa ngozi ya chembe za damu?

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walizifunika chembe kwa utando uliotolewa kwenye chembe nyekundu za damu za panya, na zikadumu damuni. Utando huo una CD47, alama inayoziambia seli walaji "usinile". Miaka miwili baadaye wengine wakaonyesha kwamba hata kipeptidi kidogo kilichoigwa kutoka CD47 kinasaidia. Wazo linapendeza. Kutengeneza chupa elfu moja zinazofanana kwa utando wa damu ni shughuli nyingine kabisa.

## Kwa wagonjwa na wanaowauguza

14. Kwa kuwa ni ya kulenga, haitanidhuru popote pengine?

Itadhuru kidogo mahali pengine na zaidi mahali pengine. Kwa doksorubisini ya liposomu, moyo husalimika zaidi na nywele hunyonyoka kidogo kuliko kwa ile ya kawaida. Lakini vazi lililoizuia isiingie moyoni ndilo linaloifanya izunguke siku nyingi na kuchuruzika kwenye ngozi. Tazama swali linalofuata. Kushuka kwa damu na vidonda vya mdomo bado vipo. Neno "kulenga" lina ahadi kubwa kuliko dawa yenyewe.

15. Viganja na nyayo za mama zimekuwa nyekundu na zinauma. Naweza kumpaka hina?

Wekundu huo ni jambo tunalolijua. Kwenye majaribio ya doksorubisini ya liposomu kwa saratani ya ovari, karibu nusu ya wagonjwa walilipata. Liposomu huchuruzika zaidi pale penye joto na msuguano, yaani viganja, nyayo, kwapani, chini ya mkanda. Kwa siku kadhaa baada ya dripu mama aepuke maji ya moto, viatu vinavyobana, kusugua sufuria na kusimama jikoni muda mrefu. Mpake mafuta ya kulainisha taratibu, bila kukanda. Kisha mjulishe daktari kabla ya dozi inayofuata, kwa kuwa dozi inaweza kupunguzwa au kusogezwa.

Kuhusu hina: subirini. Muuguzi anakagua viganja ili aone wekundu umefika wapi, na kiganja kilichopakwa hina ya harusi kinaficha kila kitu. Imenitokea: bibi mmoja alikuja na viganja vimekolea, ametoka kuozesha mjukuu wiki ile, tukalazimika kumuuliza maumivu kidole kwa kidole kwa sababu macho hayakuwa na kazi. Ama piko, ile rangi nyeusi ya kupaka, hiyo msiiguse kabisa. Kemikali yake huunguza hata ngozi nzima.

16. Kifua kilinibana dakika tano tu baada ya dripu kuanza. Ni mzio?

Inafanana na mzio, na huwapata takriban mgonjwa 1 kati ya 10 wa doksorubisini ya liposomu, karibu kila mara kwenye dripu ya kwanza. Uso unakuwa mwekundu, mgongo unauma, pumzi inakuwa fupi. Protini za komplementi, zilizotajwa swali la 6, zimeiona chembe na kupiga king'ora. Ndiyo maana dripu ya kwanza huanza polepole, miligramu 1 kwa dakika. Usivumilie kwa kuona haya: mwite muuguzi mara moja. Mara nyingi husimamishwa, hali ikitulia ikaendelea taratibu. Ikiwa kali, dawa inaachwa.

17. Ndugu yangu ananunua dawa Nairobi aniletee. Kuna sharti?

Doksorubisini ya liposomu inataka nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Ikigandishwa, kitone cha mafuta kinaweza kupasuka. Kwa joto la Mombasa hilo si jambo la kubeba kwenye mfuko wa rambo juu ya bodaboda. Tumia kasha la baridi, chupa isigusane na barafu moja kwa moja, na iende friji ya hospitali, si ya nyumbani. Kabla ya kununua, uliza duka la dawa la hospitali kama watakubali kuitayarisha dawa iliyonunuliwa nje, na uliza dawati la SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, kama matibabu yenyewe yanalipiwa. Watu wametumia pesa ya harambee kwa chupa ambayo hakuna aliyekubali kuifungua.

18. Kwa nini mnasisitiza dripu ya sukari, si ya chumvi?

Nilipoanza kazi, katika hospitali nisiyoitaja, nilimkuta sista ameshatundika mfuko wa chumvi na chupa ya liposomu iko mkononi. Nikamzuia. Akaniuliza, "Dakta, kwani maji si ni maji?" Kwa dawa nyingi angekuwa sawa. Kwa hii, mtengenezaji anaruhusu dekstrosi ya asilimia 5 pekee, mililita 250 kwa dozi isiyozidi miligramu 90. Kimiminika kingine kinaweza kuzivuruga chembe. Na usiweke kichujio kwenye mrija, kwa kuwa kitazuia dawa yenyewe. Rangi inakusaidia: doksorubisini ya kawaida ni nyekundu ya kung'aa kama sharubati ya rozi, ya liposomu ina ukungu, kama uliyoitia maziwa kidogo. Ukiona moja mahali pa nyingine, simama. Dozi zake hazibadilishani.

19. Kuna mtu anauza "maji ya nano" na habasoda ya nano Marikiti. Yanatibu saratani?

Hapana. Dawa iliyosajiliwa inaweza kuulizwa kwenye Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa isiyo na usajili haina wa kuulizwa.

## Kwa wanafunzi

20. Nitajuaje kama vazi limeshika?

Pima kabla na baada. Ukubwa kwa mtawanyiko wa mwanga: PEG ikiingia, kipenyo kinaongezeka nanomita chache. Chaji ya uso: inasogea kuelekea sifuri. Kisha, hatua ambayo wengi huiruka, ziweke chembe kwenye majimaji ya damu ya binadamu, nyuzi 37, saa moja au zaidi, upime tena na uone kama ligandi bado inashika. Jaribio lililoishia kwenye maji safi limejibu swali la maji safi. Ulitumia kifungo cha maleimidi? Kumbuka kwamba damuni kinaweza kuachia ligandi yako na kumkabidhi albumini.

21. Niweke ligandi ngapi?

Chache kuliko unavyotaka. Zikizidi hubanana, huharibu ufichaji wa PEG na huita seli walaji. Tengeneza ngazi nne au tano za msongamano, ulinganishe.

22. Mgonjwa aliyebanwa kifua na dawa moja yenye PEG, anaweza kupewa nyingine?

Inategemea king'ora kilipigwa na nani. Kama ni komplementi tu, kama tulivyoeleza swali la 16, dripu ya polepole na dawa za kutuliza zinaweza kutosha, na chembe isiyo na PEG inaweza kumfaa. Kama ni kingamwili za PEG zenyewe, tahadhari inavuka dawa za saratani: inafika kwenye makrogoli, dawa ya choo ambayo ni PEG kwa jina lingine, na kwenye sindano ambazo PEG iko kama kiambato tu. Andika tukio kwenye faili kwa jina la kiambato, usiandike jina la biashara pekee. Atakayempokea mgonjwa huyo mwaka kesho wodi nyingine atatafuta neno PEG, na kama hukuliandika hataliona.